Kuku Kumi Wasiochanjwa

2 Februari

Mama,

Shikamoo. Dada alinipigia simu akaniambia mguu wako umepona na umeanza tena kumfokea, nikajua kweli umepona. Mimi mzima. Chumba changu bado kinavuja upande wa dirisha, kwa hiyo nimesogeza kitanda, na sasa mlango haufunguki wote. Naingia kwa ubavu kama mwizi.

Nakuandikia kwa jambo moja kubwa. Chanjo ya mafua ya ndege imefika. Miaka mitatu tumeambiwa subirini, subirini, na juzi nimeipokea kwa mikono yangu na kuipanga kwenye friji ya ofisi. Mtaa wenu uko kwenye orodha ya kwanza. Usidhani nimekupendelea, wakubwa ndio waliopanga. Mimi nilichoomba ni kuja kuchanja huko mwenyewe, wakanikubalia.

Najua unachowaza. Unawaza siku ile walipokuja wale watu wenye ovaroli nyeupe na magunia. Mama, siku ile hairudi. Kuku akishachomwa sindano mbili hafi. Hilo nakuahidi mimi mwanao.

Nitafika tarehe 26. Siku hiyo usiwafungulie, nisije nikaanza kuwakimbiza uani mbele ya majirani.

Mwanao,
Kitinda


9 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa gari la mayai. Nadhani ameikalia njia nzima, maana imefika imekunjamana na ina joto. Mwambie akiniletea nyingine aiweke mfukoni.

Dada yako muongo. Sifoki, nasema kwa sauti ya kusikika.

Hiyo chanjo nimeisikia na nimefurahi, lakini nimefurahi nusu. Ngoja nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Siku ile ya magunia nilisimama mlango wa jikoni, nikajisemea sitalia kwa ajili ya kuku, mtu mzima mimi. Walipoondoka nikaingia bandani na bakuli la pumba. Nilikuwa nimezoea, miguu ilinipeleka yenyewe. Nikawaita. Nimesimama pale nawaita kuku waliokwisha kuuawa, mpaka dada yako akaja kunitoa kwa kunishika kiwiko.

Cherehani siwezi tena, tundu la sindano silioni. Kuku ndio wanaonitoa kitandani. Wakipiga kelele kule nyuma najua kuna mtu ananihitaji kabla ya chai. Kwa hiyo kama unasema hawafi, nakuamini. Wewe ndiye msomi wetu.

Njoo. Watafungiwa.

Mama


27 Februari

Kitinda,

Umeondoka jana na leo nimeamka na swali.

Kazi yako nimeipenda. Unamshika kuku kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, kwa adabu. Hata yule jike mkorofi ninayemwita Mwenyekiti alitulia. Lakini kuna wale kumi. Umewafunga pete nyekundu mguuni, ukawaruka, hukuwachoma. Nilipokuuliza ukasema, "Ni utaratibu wa ofisi, Mama, mambo ya takwimu." Takwimu gani? Toka utotoni ukidanganya unakuna sikio, na jana umelikuna mpaka nikataka kukuuliza kama kuna mdudu.

Kama dawa ilipungua, sema. Kama ni nzuri kwa wale mia tatu, kwa nini hawa kumi wakae bila? Wanakula sahani moja na wenzao. Dada yako anasema niache kuuliza, wataalamu wana mambo yao. Mimi siwezi kumwangalia kuku aliyenyimwa na nisijue kisa.

Mama yako


6 Machi

Mama,

Shikamoo. Sawa, nilikuna sikio.

Hao kumi ni wa kutupimia. Kama ugonjwa utapenya ukaingia bandani, hao ndio watakaougua, nasi tutajua umefika. Basi. Usiwaonee huruma, huenda wakaishi kuliko wote. Ila akizubaa hata mmoja wao, akikataa chakula, akavimba uso, unipigie siku hiyo hiyo kwa simu ya Dada. Siku hiyo hiyo, Mama. Na usimguse.

Wale waliochanjwa usiwe na wasiwasi nao. Sindano ya pili nitakuja kuwachoma tarehe 21.

Kitinda


20 Aprili

Kitinda wangu,

Huku kwetu mambo si mazuri, lakini kwangu ni mazuri. Muuza mkaa amepoteza karibu kuku wote kwa siku nne. Alikataa chanjo yako, si unakumbuka, alisema sindano zinaharibu mayai. Sasa anapita hapa kila asubuhi, anaegemea uzio, anawaangalia wangu wanavyokula. Jana nikamwambia, "Jirani, mwanangu si alikwambia?" Akaondoka. Nimejuta, haikuwa siku ya kumwambia hivyo mtu aliyefiwa na kuku.

Wangu wamesimama. Wanataga, wanapigana, Mwenyekiti ananidonoa kama kawaida yake. Na wale wa pete nyekundu nao wazima, wote kumi. Nimesikia mkaguzi wenu anakuja keshokutwa. Aje tu, atawakuta.

Unaona? Hakuna mtu wa kusema chanjo yako ni maji. Watu wanauliza habari zako sokoni. Nikipita wanasema yule ni mama wa mchanjaji, na mimi natembea polepole ili wamalize kusema.

Dada yako anakusalimu. Amenuna siku hizi, usimjali.

Mama


26 Aprili

Mama,

Shikamoo sana. Leo nimesimamishwa mbele ya ofisi nzima nikapigiwa makofi, na sababu ni wewe.

Mkaguzi amerudi na ripoti. Ameandika kwamba katika mtaa ule ugonjwa umeua kuku wasiochanjwa, na banda la mama mmoja lenye kuku waliochanjwa limesalimika, pamoja na wale kumi wa kupimia. Maana yake virusi havikuingia kwako kabisa. Mkuu wa idara ameisoma kwa sauti. Kwa ripoti hiyo wameruhusu wote waliochanjiwa kuku katika eneo lenu waendelee kuuza mayai na kuku, gari lisizuiwe. Nilitaka kusema "huyo ni mama yangu" lakini nikaishia kucheka tu.

Kesho natoka na timu kwenda kuchanja vijiji vya mbali, huko simu haishiki. Nitarudi baada ya siku kumi hivi. Ukiingia bandani ujifunge kitambaa mdomoni na unawe kwa sabuni ukitoka. Ni kawaida tu, tunamwambia kila mtu.

Mwanao anayejivuna,
Kitinda


28 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajui kama nakuandikia. Amenikataza kukupigia, na leo nimemkaidi nikapiga mara tano, hupatikani. Nampa dereva barua hii, labda itakufikia.

Mama anakohoa. Ilianza siku ya mkaguzi. Anasema ni vumbi la pumba, lakini vumbi halimpi mtu homa, na jana alipanda ngazi tatu za mlangoni akakaa chini katikati yake kupumzika. Nimemwambia twende hospitali, kasema twende wiki ijayo.

Kuna mambo mengine siwezi kuyaandika bila ruhusa yake. Njoo tu. Ukija useme umekuja mwenyewe.

Dada yako


17 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilifika chumbani kwangu salama. Barua yako ya tarehe 28 niliikuta ofisini, juu ya meza, chini ya kikombe cha mtu. Ilikuwa imenisubiri pale wakati Mama anakata roho, nilipofika nikamkuta amekwisha kuzikwa, na siku zote nane nilizokaa nawe kwenye ile nyumba. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Majibu ya hospitali yametoka. Nilikuwa maabara yalipofika. Mhudumu hakujua ni mama yangu, akaniambia, "Njoo uone, tumepata mtu." Dada, Mama hakufa kwa nimonia ya kawaida. Amekufa kwa mafua ya ndege.

Nimerudia kusoma namba ya sampuli mpaka mhudumu akaniuliza kama naumwa. Sielewi. Ameyapata wapi? Banda lake lilikuwa safi. Wale kumi walikuwa wazima, mkaguzi aliwaona kwa macho yake, mmoja mmoja na pete yake. Alikwenda kwa muuza mkaa? Alimsaidia kunyonyoa? Niambie alikwenda wapi.

Na wewe, kesho asubuhi nenda hospitali wakupime. Usingoje kukohoa. Usiingie bandani. Nimekwisha kuwapigia simu, wanakutegemea.

Kitinda


23 Mei

Mdogo wangu,

Nimepimwa, sina. Wamenipa vidonge hata hivyo, vinanitia kichefuchefu.

Mama hakwenda popote. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Wa kwanza alikufa Ijumaa, wiki mbili kabla ya mkaguzi. Mama alimkuta kando ya chombo cha maji, kilemba cha kichwani kimegeuka zambarau. Alikuwa wa pete nyekundu. Jumamosi wakafa wawili, wa pete. Mpaka Jumatano walikuwa wamekufa saba, wa pete wote, na katika wale mia tatu uliowachoma hakufa hata mmoja. Nilimwambia, "Mama, tumpigie Kitinda, alisema siku hiyo hiyo." Akasema, "Nikimpigia, itabidi aandike. Akiandika, watakuja na magunia. Na watu watasema chanjo ya mwanangu haina kitu, mpaka nyumbani kwa mama yake kuku wamekufa. Watamfukuza." Nikamwambia lakini ugonjwa si umeingia? Akanijibu, "Umeingia kwa wasiochanjwa. Waliochanjwa hawana ugonjwa, si unawaona wanataga? Kosa liko wapi?"

Wewe hukuwa umetuachia jibu la swali hilo.

Akazifungua zile pete saba kwa ncha ya mkasi wake wa ushonaji, akazichemsha kwenye sufuria, akawafunga wengine saba katika wale uliowachoma. Hao ndio mkaguzi aliowaona. Alivaa miwani, akamshikia mkaguzi kuku, akamkaribisha chai. Mimi nilikaa chumbani kwa aibu. Aibu hiyo ilinianza siku ile ya kubadilisha pete, ndiyo maana alikuandikia kwamba nimenuna.

Ulisema asiwaguse. Aliwagusa, mdogo wangu. Yule wa mwisho alimweka mapajani akawa anamnywesha maji kwa kijiko cha chai, anamwambia, "Wewe ndiye walikunyima, kunywa." Akamfia palepale.

Sasa nikuambie langu, maana nimechoka kulala nalo. Pale hospitali daktari aliniuliza, "Nyumbani kuna kuku?" Nikamjibu, "Wapo, lakini wamechanjwa, mdogo wangu ndiye aliyewachanja." Alikuwa ameshaanza kuandika kitu. Akakikata kwa mstari mmoja, akaandika kingine. Mama alikuwa anatusikia. Alinitazama, nikamtazama, na wote wawili tukanyamaza. Ilikuwa asubuhi. Jioni ya siku ya tatu akafariki.

Mpaka leo najiuliza alikuwa ananiomba niseme, au ananiomba ninyamaze.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Usilibebe hilo peke yako. Ulimjibu daktari kile nilichokufundisha mimi.

Sasa nikueleze kile ambacho nilipaswa kumweleza Mama tarehe 26 Februari, badala ya kukuna sikio.

Chanjo inamlinda kuku asiugue, asife. Haimzuii kila mara kuvibeba virusi. Kuku aliyechanjwa anaweza kuwa navyo kooni na kwenye kinyesi, naye anakula, anataga, anadonoa watu, wala huoni kitu. Virusi vinapungua sana ndani yake, lakini haviishi vyote. Ndiyo maana tunaacha kumi bila sindano. Wale ni macho yetu. Wakifa, maana yake banda zima limeingiliwa, hata kama mia tatu wamesimama wanapigana. Na banda likiingiliwa, wote wanauawa, waliochanjwa na wasiochanjwa.

Nilijua. Tulifundishwa siku ya pili ya mafunzo, niliandika kwenye daftari nikapiga mstari chini yake. Sikumwambia Mama kwa sababu nilikumbuka alivyoniandikia juu ya kuwaita kuku waliokufa. Nikasema nikimwambia "magunia yanaweza kurudi hata baada ya sindano," atakataa chanjo. Nikamwambia hawafi, nikakomea hapo. Nilimwambia kweli nusu, naye akanificha nusu yake. Alinificha kwa ajili yangu, Dada. Hilo ndilo linalonimaliza.

Jana niliingia kwa mkuu wa idara nikamweleza habari ya pete. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Akaniambia, "Mama yako ameshazikwa. Andika kwamba aliupata kwa jirani. Tukisema banda lililochanjwa ndilo lililomuua, nani atakubali sindano tena?" Nikamwambia, "Mkuu, gari la mayai limetoka kule siku zote hizi kwa ripoti ile." Akaanza kupanga makaratasi mezani. Nikamwambia nimeshaandika, ninachoomba ni sahihi yake. Akasaini bila kunitazama.

Mabanda mawili kwenye njia ya lile gari tayari yana kuku wa pete waliokufa. Wenye mabanda wamepiga simu siku hiyo hiyo. Dereva amepimwa, mzima, gari limesimamishwa. Hii inakuja kwa posta.

Tutakuja kwa Mama Jumanne. Nimeomba niwe kwenye timu. Wenzangu walikataa, nikawaambia kuku wale wananijua. Nitakuwa nimevaa kama wale wa siku ile. Nitakuwa na magunia. Tafadhali usikae mlango wa jikoni.

Kitinda


14 Juni

Mdogo wangu,

Nilikaa mlango wa jikoni. Ningekaa wapi pengine?

Mlikuja sita, wote weupe kutoka kichwani mpaka miguuni, macho tu ndiyo yaliyoonekana nyuma ya miwani. Sikujua wewe ni yupi kati yenu mpaka mmoja alipobisha hodi. Wengine walikuwa wameshaingia uani. Ulibisha hodi kwenu, ukasubiri niseme karibu. Niliposema karibu sauti haikutoka vizuri, nadhani hukusikia, lakini uliingia.

Nikakuuliza kama utakunywa maji. Ukatikisa kichwa ukaonyesha barakoa. Nikajiona mjinga.

Nilikuona unavyowashika. Wenzako walikuwa na haraka, jua lilikuwa kali na mavazi yale yanapika mtu. Wewe ulimchukua kila mmoja kwa mikono miwili. Mwenyekiti alikudonoa kwenye glovu, nawe ukamwambia kitu ambacho sikukisikia. Usiniambie ulisema nini.

Baadaye majirani walisimama kwenye uzio, na muuza mkaa ndiye aliyesema kwa sauti, "Walichanjwa, hawakuumwa, na bado mnawaua. Basi chanjo ya kazi gani?" Niliogopa kwamba utanyamaza. Niliogopa pia kwamba utasema. Ulitoka ukasimama mbali nao, ukawaambia, "Katika waliochanjwa hapa hakufa hata mmoja, jirani. Hiyo kazi chanjo imeifanya. Lakini haikuzuia ugonjwa kuingia, na ulipoingia sisi tulijua tukaficha. Mimi nilimficha mama yangu, naye akanificha mimi. Mwenye kuku wa pete akiona mmoja amekufa, aseme siku hiyo. Nitakuja kuwaua wote kama hivi, sikudanganyi. Lakini aseme." Halafu ukashindwa kuendelea, mwenzako akakushika bega.

Nikuambie kilichofuata baada ya gari lenu kuondoka, kwa sababu hukukiona. Mwanamke mmoja wa nyumba ya kona alisema hataki tena mtu wa sindano kwake, na wengine wakamuunga mkono, karibu nusu yao. Muuza mkaa alibaki. Alisimama pale mpaka wote wakaondoka, akaniuliza kama Mama aliteseka. Nikamwambia siku mbili za mwisho, ndiyo. Akasema atanunua vifaranga mwakani mkimruhusu, na atataka kuchanjiwa, na hizo pete aelezwe yeye mwenyewe, neno kwa neno, asiambiwe mambo ya takwimu. Nimekuandikia hivyo alivyosema.

Banda nimeliosha kwa ile dawa mliyoacha. Nimefungua mlango wake ili likauke. Sitafuga tena. Asubuhi kumekuwa kimya hivi kwamba nasikia saa ya ukutani ikiwa chumba cha pili, na nimegundua kwamba nachelewa kuamka.

Nilikukasirikia, mdogo wangu. Nilikaa na hasira yako wiki tatu, napika nayo, nafua nayo. Nilikuwa nikisema laiti angetuambia. Halafu najikumbuka pale hospitali mbele ya daktari, nakosa pa kuipeleka hasira hiyo. Sasa imebaki huzuni tu, nayo ni nyingi mno kwa mtu mmoja kwenye nyumba hii.

Nguo za Mama ziko kabatini, sijafungua. Binamu yetu wa mjini alijitolea kuja kunisaidia kuzigawa, nikakataa. Hiyo ni kazi yetu sisi watoto wake wawili.

Waombe ruhusa. Uje kwa basi, na shati lako la kawaida. Jumanne ile ulisimama hatua mbili kutoka kwangu unalia ndani ya ile miwani mpaka ikaingia ukungu, nami nilikatazwa kukugusa. Tangu siku hiyo mikono yangu imekosa raha. Uje nikushike.

Dada yako